Virunga si sokwe peke yake: wenyeji wafunguliwe njia za milimani

Milima minane ya volkano ya Virunga imesimama pale Kongo, Rwanda na Uganda zinapopakana, na kwa zaidi ya miaka 40 imekuwa ikinadiwa duniani kwa jina moja tu: sokwe. Mgeni anayefika Musanze, Rwanda, au Kisoro, Uganda, kutoka mbali huja kwa ajili ya saa moja mbele ya familia ya sokwe wa milimani, kisha anarudi alikotoka. Biashara hiyo imefanya kazi kubwa na sitaibeza. Mwaka 1981 safu yote ya Virunga ilikuwa na sokwe wapatao 254. Mwaka 2010 walihesabiwa 480. Hesabu ya 2015 na 2016 ikafika 604. Ukiongeza na wale wa msitu wa Bwindi nchini Uganda, jumla imepita 1,000, na mwaka 2018 wakaondolewa katika kundi la wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Hata hivyo mafanikio haya yametuzoesha kuamini kwamba sokwe anaweza kubeba kila kitu: mishahara ya askari wa hifadhi, madarasa ya vijijini, ajira za vijana, na fedha za kigeni za serikali. Hawezi. Naamini nchi hizi, zikianza Uganda na Rwanda ambako njia ni salama, zinapaswa kuwafungulia watu wa Afrika Mashariki upandaji wa milima yenyewe, kwa bei ya mtu wa kawaida na kwa ajira za wanaoishi chini yake, na zimwache sokwe abaki na wageni wachache anaoweza kuwavumilia.

Kikomo amekiweka sokwe mwenyewe. Familia iliyozoeshwa watu hutembelewa mara moja kwa siku, kwa saa moja, na wageni wasiozidi wanane. Kanuni hiyo haikutungwa kwa urasimu. Sokwe ni jamaa wa karibu mno wa binadamu, kiasi kwamba mafua ambayo sisi tunayamaliza kwa siku tatu yeye yanaweza kumletea homa ya mapafu na kumuua. Ndiyo maana mwenye kikohozi hukatazwa kuingia, na wengine hutakiwa kusimama mbali na kuvaa barakoa. Nyuma ya saa hiyo moja kuna kazi ambayo mgeni haioni. Alfajiri wafuatiliaji hurudi pale walipowaacha sokwe jana yake, wakafuata majani yaliyolazwa na machipukizi ya mianzi yaliyomenywa mpaka kwenye viota vya usiku. Huhesabu viota, hutazama kinyesi kilichoachwa ndani, maana ukubwa wake huonyesha kama hapo alilala dume mkubwa, mama au mtoto, kisha huwajulisha waongozaji kwa redio sokwe wameelekea wapi. Kazi ya namna hii haiongezwi mara mbili kwa sababu tu wanunuzi wa vibali wameongezeka. Hifadhi ya Mgahinga upande wa Uganda ina familia moja tu iliyozoeshwa watu, kwa hiyo hata ikijaa kila siku ya mwaka itapokea wageni wanane kwa siku, basi. Rwanda, yenye familia nyingi zaidi, haifikishi hata wageni mia. Kuzoesha familia mpya huchukua miaka, na kila inayozoeshwa ni familia nyingine iliyosogezwa karibu na maradhi yetu. Zaidi ya hayo, kati ya volkano za Karisimbi na Bisoke, makundi ya sokwe yalipoongezeka ndani ya eneo lilelile, mapigano baina yao yaliongezeka na watoto wengi zaidi wakauawa na madume. Sokwe anahitaji nafasi, na sisi tunapanga kumletea watu.

Yapo pia mambo ya bei. Rwanda imekuwa ikiuza kibali cha sokwe kwa dola 1,500 tangu mwaka 2017, na Uganda ilipandisha chake hadi dola 800 mwaka 2024. Zipo bei nafuu kwa raia wa Afrika Mashariki, na ni jambo jema; Uganda, kwa mfano, iliwapangia shilingi zake 300,000, ambazo ni kama dola 80. Lakini nafasi zikiwa nane, kila kibali anachopata mwalimu wa Mbarara ni kibali ambacho hakikuuzwa kwa mara kumi ya bei hiyo. Hifadhi inayolipa askari kwa fedha hizo haiwezi kumkaribisha mwenyeji kwa moyo mkunjufu, hata ikitaka. Njia ya mlimani haina mgongano huo. Watu 20 wa Kisoro wakipanda Mlima Muhabura Jumamosi, hawajamnyima Mjerumani nafasi yake kwa sokwe.

Na milima hiyo ina mengi ya kumpa mpandaji hata asipomwona sokwe hata mmoja. Karisimbi una urefu wa mita 4,507 na hupandwa kwa siku mbili. Bisoke hupandwa na kushukwa kwa siku moja, na kileleni kuna ziwa ndani ya kreta. Lililo bora kwa maoni yangu ni Sabyinyo. Mpandaji huanzia lango la Ntebeko upande wa Uganda, anapita kwenye mianzi wanakokula kima wa dhahabu, ambao hawapatikani popote duniani nje ya milima hii na misitu michache jirani, anaingia kwenye miti mizee iliyofunikwa kuvumwani, kisha anakuta ukingo mwembamba wenye ngazi za mbao zilizoegeshwa mwambani. Ngazi hizo huwa na utelezi mvua ikinyesha, na mvua hapo ni ya mara kwa mara, kwa hiyo mwongozaji hutangulia na kumwonyesha mtu kila kipago cha kukanyaga. Baada ya vilele vitatu mpandaji anafika mahali ambapo hatua chache zinamtoa Uganda, zikamwingiza Rwanda na kumgusisha Kongo. Kazi zote za safari hiyo, yaani kuongoza, kubeba mzigo, kutengeneza ngazi, kupika na kumlaza mgeni usiku wa kuamkia safari, zinamhitaji mtu anayeujua mlima kwa miguu yake. Mtu huyo yupo tayari, analima viazi na maharage mita mia kadhaa kutoka kwenye ukuta wa mawe unaozuia nyati wasiingie shambani kwake.

Jirani zetu wa Tanzania wametuonyesha jinsi hesabu hii inavyokwenda. Anayepanda Kilimanjaro kwa siku sita au saba hufuatana na mwongozaji, mpishi na wagumu, yaani wapagazi, watatu au zaidi, na kwa sababu hiyo fedha za mpandaji mmoja huingia katika nyumba kadhaa za Marangu, Machame na Moshi mjini. Raia hulipa kiingilio kwa shilingi, kiasi kidogo mno ukilinganisha na cha mgeni, na kila Desemba makundi ya Watanzania hupanda kuadhimisha Uhuru. Sisemi kwamba huko mambo yote ni shwari. Mzigo wa mgumu umewekewa kikomo cha kilo 20, lakini malalamiko ya mizigo kuzidi na ujira kupunjwa hayajaisha, na njia zinazotumiwa sana zimechakaa. Virunga inaweza kuanza pale ambapo Kilimanjaro ilichelewa: ujira wa siku utangazwe langoni kabla safari haijaanza, mzigo upimwe mbele ya mwenye kuubeba, na idadi ya wapandaji kwa kila njia ijulikane tangu mwanzo.

Wapo watakaosema kwamba wageni wachache wanaolipa sana ndio siri ya Rwanda, na kwamba kufungua milango kwa bei nafuu ni kuleta kelele bila fedha. Hoja hiyo ni ya kweli kwa sokwe, ndiyo maana nataka saa ya sokwe ibaki ghali na adimu. Lakini fedha za kibali hupitia hazina kabla ya kumfikia mwanakijiji. Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya hifadhi zake kwa jamii zinazozizunguka, kutoka asilimia 5 kabla ya mwaka 2017, na fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na miradi ya maji. Ni faida ya kijiji kizima, na ni halali yao. Ujira wa mwongozaji unaingia mfukoni mwa mtu aliyepoteza viazi vyake, jioni ileile. Mwaka 2020 ulitufundisha hatari ya kutegemea ndege za mbali peke yake. Hifadhi zilipofungwa kwa sababu ya korona, mapato yalikatika ghafla, na mwezi Juni huko Bwindi, Rafiki, dume aliyeongoza familia maarufu ya sokwe, akauawa kwa mkuki na mtu aliyekuwa akiwinda wanyama wadogo wa kitoweo. Mwindaji huyo alihukumiwa kifungo cha miaka 11. Kesi moja haithibitishi kila kitu, lakini uchumi wa jirani ambao ungeendelea kwa wapandaji wa Kampala, Kigali na Nairobi usingezimika siku moja kwa sababu viwanja vya ndege vimefungwa.

Pingamizi lililo zito zaidi ni la wahifadhi: mguu wa mtu ni mguu wa mtu, na anayepanda mlima anaweza kumwambukiza sokwe kama anayekwenda kumtazama. Nakubali, na hapa sitaki huruma kwa wapandaji. Wafuatiliaji wanajua kila asubuhi familia zao zilipo. Taarifa hiyohiyo itumike kufunga au kugeuza njia siku sokwe wanapoikaribia, hata kama watu wamekwishalipa. Mwenye homa asipande. Chakula na choo vibaki kwenye vituo maalumu, na kila kundi lifuatane na askari, jambo ambalo tayari ni kanuni kwa sababu ya nyati na tembo. Sehemu za juu, zenye lobelia na udongo wa tope jeusi, huchubuka haraka na kupona polepole, kwa hiyo njia ziwe chache na zitunzwe vizuri kuliko kuwa nyingi na kuachwa zijitanue. Mpango wa Rwanda wa kuipanua Hifadhi ya Volkano kwa karibu robo ya ukubwa wake utasaidia hapa, kwa sababu pembezoni patakuwa na nafasi ya njia zisizoingia kwenye makazi ya sokwe. Tukumbuke kwamba mwaka 1969 hifadhi hiyohiyo ilimegwa pakubwa ili kulimwa pareto. Familia zinazotakiwa kuhama leo kupisha upanuzi zina haki ya kuuliza zitapata nini mlimani baada ya kuuachia mashamba yao.

Kuhusu Kongo lazima niseme waziwazi kwamba hakuna anayepaswa kupelekwa huko sasa. Mlima Nyiragongo, ambao wapandaji walikuwa wakianzia Kibati na kulala ukingoni wakitazama ziwa la lava linalotokota, ulilipuka Mei 22, 2021, lava ikafika viungani mwa Goma na watu zaidi ya 30 wakafa. Kisha vita vikarudi, na Januari 2025 Goma yenyewe ikatekwa na waasi wa M23. Askari zaidi ya 200 wamepoteza maisha kwa miaka mingi wakiilinda Hifadhi ya Virunga, na deni letu kwao halilipwi kwa kutuma watalii mahali ambapo wao wenyewe wanaviziwa. Lakini hali ya Kongo haiwezi kuwa sababu ya kuifunga Muhabura, Gahinga na Bisoke kwa watu wanaoiona kila asubuhi kutoka mashambani mwao.

Nimewaacha Batwa, wakazi wa asili wa misitu hii, mwisho kwa sababu wao wanadai zaidi ya ajira. Walifukuzwa Mgahinga mwaka 1991 bila ardhi nyingine ya kuishi, na mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ya Uganda ikakubali kwamba walitendewa isivyo haki. Leo ipo njia ya matembezi inayoongozwa nao, inayoishia kwenye pango la Garama, na mgeni huonyeshwa jinsi walivyowinda na kutafuta asali. Wanalipwa kuigiza maisha ambayo wamekatazwa kuyaishi. Fidia ya ardhi ni suala la mahakama na serikali, na njia za milima haziwezi kuchukua nafasi yake. Lakini Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda inaweza kuchukua hatua bila kungoja hukumu nyingine: Mgahinga haifiki kilomita za mraba 34 lakini ina volkano tatu, na kazi za kuongoza kwenye volkano hizo zote, si kwenye njia ya maigizo pekee, zitengwe kwanza kwa Batwa waliozijua kabla hifadhi haijachorwa. Bei ya raia wa Afrika Mashariki iandikwe kwa shilingi, kwa herufi kubwa, kwenye lango la Ntebeko, na shule za sekondari za Kisoro zipewe siku zao za kupanda katika miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, ngazi za Sabyinyo zinapokuwa kavu.