Mlango wa Nyumba Uliomo Ndani ya Simu

Wengi wetu katika chama hiki tuna nyumba mbili. Ya kwanza ni hii ya hapa Uingereza, yenye radieta na majirani wasiojua majina yetu. Ya pili iko Tanga, Mombasa, Unguja, Arusha au Bukavu, na tunaifikia tiketi zikishuka bei. Siku hizi nyumba ile ya pili imeingia mfukoni. Baba anaangalia geti akiwa ndani ya basi la kwenda kazini. Mama anatazama kama Bibi ameamka salama. Mjomba anahesabu mifuko ya saruji kwenye kiwanja chake bila kumuuliza mtu. Kamera ndogo iliyopigwa misumari ukutani imewapa wazee wetu utulivu ambao simu za kila Jumapili hazikuweza kuwapa.

Hatuandiki kuzipinga kamera hizo. Tunaandika kusema kwamba picha inayotufikia sisi kupitia intaneti inaweza kumfikia mtu mwingine yeyote, kama njia yake imeachwa wazi. Na tunaona kwamba kuifunga njia hiyo ni wajibu wetu sisi vijana. Katika familia zetu sisi ndio tunaoitwa simu ikigoma, tunaotafuta nywila zilizosahaulika, tunaoweka programu mpya kwenye simu ya Shangazi. Basi hili nalo ni letu.

Tuanze na jinsi picha inavyosafiri, maana ubaya umejificha hapo.

Ruta ya nyumbani ni kama geti lenye mlinzi. Walio ndani wanatoka watakavyo na majibu yao yanarudi, lakini mgeni asiyeitwa anazuiwa. Sasa fundi anataka simu iliyoko Birmingham ione picha zilizo kwenye kisanduku cha kurekodi kilichoko Tabata. Njia ya mkato ni kufungua poti, yaani kumwambia yule mlinzi: kila atakayebisha hapa, mpeleke moja kwa moja kwenye kisanduku. Picha zinaonekana, fundi analipwa, kila mtu anafurahi. Lakini mlinzi hakuambiwa amruhusu Baba peke yake. Ameambiwa amruhusu yeyote anayebisha.

Na wabishaji ni wengi. Zipo programu zinazopita kwenye anwani za intaneti usiku na mchana, zikigonga kila mlango kuona upi uko wazi. Upo hata mtambo wa kutafuta uitwao Shodan, ulioanza mwaka 2009, ambao kazi yake ni kuorodhesha vifaa vilivyounganishwa na intaneti, kamera zikiwemo. Hahitaji kukujua wewe wala kuujua mtaa wenu. Akishafika mlangoni, kilichobaki kati yake na sebule ya Bibi ni nywila, na nywila yenyewe mara nyingi ni ile iliyotoka nayo kiwandani.

Anayedhani tunatia chumvi akumbuke mwaka 2016. Programu hasidi iliyoitwa Mirai ilisambaa duniani ikiingia kwenye kamera, visanduku vya kurekodi na ruta. Haikuwa na ujanja mkubwa. Ilibeba orodha ya jozi zipatazo 60 za majina na nywila za kiwandani, ikazijaribu moja baada ya nyingine. Kwa orodha hiyo fupi ilijikusanyia mamia ya maelfu ya vifaa. Tarehe 21 Oktoba 2016 vifaa vya namna hiyo vilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikiongoza majina ya tovuti, na kwa saa kadhaa watu wa Marekani na Ulaya wakashindwa kuzifikia Twitter, Netflix na nyinginezo. Waandishi wa Mirai walipokiri makosa mahakamani Desemba 2017, walikuwa vijana watatu wa rika letu, wa miaka 20 na 21. Mmoja alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Rutgers. Kama vijana wa umri huu waliweza kuzifungua, vijana wa umri huu wanaweza pia kuzifunga.

Njia ya pili ndiyo inayotumiwa na kamera nyingi za bei nafuu zinazouzwa leo. Hapa hakuna poti inayofunguliwa. Kamera yenyewe inaipigia seva ya kampuni, simu yako nayo inaipigia seva hiyohiyo, na wawili hao wanakutanishwa huko. Ni rahisi, na ni salama kuliko ile ya kwanza. Lakini sasa ulinzi wote umehamia kwenye mambo mawili: akaunti yako na uaminifu wa kampuni.

Mwaka 2023 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani iliishtaki kampuni ya Ring. Ilidai kwamba wafanyakazi waliachiwa nafasi ya kutazama video za wateja, na mmoja wao alitazama maelfu ya video za wanawake zilizorekodiwa sehemu za faragha za nyumba zao. Ilidai pia kwamba wahalifu waliingia kwenye akaunti za wateja kwa kujaribu nywila zilizovuja kwingine, kwa sababu watu walitumia nywila moja kila mahali. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5.8. Miaka miwili kabla, Machi 2021, wavamizi waliingia kwenye mfumo wa kampuni ya Verkada kwa kutumia akaunti yenye mamlaka makubwa, na kamera za hospitali, shule na viwanda zikawa mikononi mwao. Hakuna kati ya wateja hao aliyefungua poti. Walimwamini mtunza funguo.

Njia ya tatu ndiyo tunayoipigia debe, kwa familia inayoweza. Ni kuweka VPN nyumbani, yaani njia ya siri kati ya simu zenu na ruta yenu. WireGuard ni mfano mzuri: haina malipo, na inaweza kuwekwa kwenye baadhi ya ruta au kwenye kompyuta ndogo kama Raspberry Pi. Kila simu inapewa ufunguo wake. Asiye na ufunguo akibisha hajibiwi kabisa, hata hajui kama pana mlango. Simu ya Baba ikiibiwa, unafuta ufunguo wa simu hiyo tu na wengine wanaendelea. Nyumba nyingi za kwetu zinatumia intaneti ya laini ya simu, ambayo mara nyingi haina anwani yake yenyewe ya kufikiwa kutoka nje. Hapo huduma kama Tailscale, iliyojengwa juu ya WireGuard, inasaidia, kwa sababu vifaa vya pande zote mbili ndivyo vinavyopiga kwenda nje na kukutana.

Tunajua pingamizi zitakazoletwa mezani, kwa sababu tunaishi nazo.

La kwanza: "Sisi hatuna cha kuficha." Lakini kamera haionyeshi siri tu. Inaonyesha saa ambayo nyumba hubaki tupu, siku ambayo mlinzi hulala, mahali panapowekwa ufunguo wa akiba, na kwamba ndani yuko mama wa miaka 78 peke yake. Mwizi wa zamani alilazimika kukaa kibarazani wiki nzima kuyajua hayo. Kamera iliyo wazi inampa bure.

La pili: "Fundi ni mtu wetu." Huenda ni mtu mwema, na hatumshuku. Lakini yeye ndiye aliyeweka nywila, na mara nyingi ameweka ileile kwa wateja wake wote ili asisahau. Simu yake ikipotea Kariakoo, nyumba ngapi zimepotea nayo? Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kazi ikiisha, fundi apewe ahsante yake na malipo yake, kisha nywila ibadilishwe siku hiyohiyo. Fundi mwenye heshima hakasiriki. Hata aliyekujengea nyumba hakai na ufunguo wako.

La tatu: "Wazee hawataweza." Hili tunalikataa. Wazazi hawa wamejifunza kutuma pesa kwa simu na kupanga foleni ya viza mtandaoni. Wanaweza kubonyeza kitufe kimoja cha VPN kabla ya kufungua kamera. Wanachohitaji ni mtoto atakayekaa nao nusu saa bila kununa.

La nne: "Serikali zinashughulikia." Ni kweli kidogo. Hapa Uingereza, tangu tarehe 29 Aprili 2024, sheria inakataza kuuza vifaa vya namna hii vyenye nywila moja ya kiwandani iliyo rahisi kubuniwa, na inamtaka mtengenezaji aseme ataendelea kutoa masasisho ya usalama kwa muda gani. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Lakini kamera iliyofungwa ukutani miaka sita iliyopita haisomi sheria mpya. Na kisanduku kilichonunuliwa mtaani, cha chapa isiyojulikana, hakina wa kukitumia sasisho hata likihitajika kesho.

Lipo jambo moja zaidi ambalo hatusikii likizungumzwa kwenye simu za familia. Kwenye picha zile kuna watu. Kuna dada wa kazi anayepika, kuna Bibi akijifunga kanga, kuna watoto wa jirani waliokuja kuangalia katuni. Sisi tunaotazama tuko maili elfu nne mbali, tumekunja miguu kitandani. Wao hawawezi kututazama. Tunaamini kila anayeishi chini ya kamera ana haki ya kuambiwa ipo, inaona wapi, na nani anaitazama. Vyumba vya kulala na bafu visiwekwe kamera kamwe, hata kwa nia njema. Na hili si suala la adabu tu. Picha ambayo haikupigwa haiwezi kuvuja. Kamera ikielekezwa getini, mvamizi akifanikiwa kuingia ataona geti. Ikielekezwa kwenye kochi la Bibi, atamwona Bibi.

Basi tufanye nini? Likizo inakaribia na baadhi yetu tutasafiri, wengine tutakuwa mezani na wazazi hapahapa. Tunapendekeza kila mmoja wetu aulize nyumbani kwao maswali haya.

Nani wana nywila ya kamera? Kama jibu ni "iko kwenye kundi la WhatsApp la familia", basi wanayo watu arobaini, pamoja na yule shemeji aliyeondoka kwa ugomvi. Kila mtu awe na akaunti yake, anayehitaji tu, na aliyeondoka aondolewe.

Nywila hiyo ni ya kiwandani, ya fundi, au yetu? Iwe yetu, ndefu, na isiyotumika kwingine. Maneno manne ya Kiswahili yasiyohusiana yanatosha, na hapa lugha yetu inatufaa.

Uthibitishaji wa hatua mbili umewashwa, na msimbo unakwenda kwenye namba ya nani? Laini iliyokaa bila kutumika hufungwa, na namba yake anaweza kupewa mtu mwingine. Msimbo wa nyumba yenu usiende kwa mgeni. Bora zaidi kutumia programu ya misimbo iliyo kwenye simu.

Kwenye ruta kuna poti iliyofunguliwa? Ifungwe. Zima pia kipengele kiitwacho UPnP, kinachoruhusu kifaa kujifungulia mlango chenyewe bila kuuliza mtu. Kama ruta ina mtandao wa wageni, kamera zikae huko, mbali na kompyuta yenye nyaraka za benki.

Kamera ilisasishwa lini mara ya mwisho? Kama mtengenezaji hatoi tena masasisho, huo ni wakati wa kuchangishana kununua nyingine. Tunachangia harusi za watu tusiowafahamu vizuri, hatushindwi kuchangia kamera ya Bibi.

Na bando je? Picha ya kasi ya megabiti moja kwa sekunde inakula kama megabaiti 450 kwa saa. Mzazi anayeiacha wazi kutwa anammalizia Bibi bando lake, na siku ya tukio kamera inakuwa haina mtandao. Chagua picha ndogo kwa kutazama, ile kubwa ibaki kwenye kisanduku.

Tunaiomba kamati ya chama itenge Jumamosi moja muhula huu, kabla watu hawajasafiri. Waje wenzetu wa sayansi ya kompyuta na ruta ya majaribio, waje wa lugha watusaidie kuyaandika maelekezo kwa Kiswahili chepesi kwenye ukurasa mmoja, ambao mtu anaweza kumsomea mama yake kwa simu. Wapo wanaosema chama cha Kiswahili kinapaswa kushughulika na mashairi na pilau. Tunayapenda yote mawili. Lakini lugha hii tuliipata kutoka kwa watu wanaoishi ndani ya nyumba zile, na sasa hivi kamera zinawatazama. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa huu unazibwa kwa nusu saa na chai moja. Atakayekuwa tayari kufundisha Jumamosi hiyo ampe katibu jina lake kabla ya mkutano ujao.