Baada ya nusukaputi, nani anakesha?

Wazee waliiita nusukaputi. Neno hilo linapotea polepole. Siku hizi tunasema "dawa ya usingizi", na nadhani mabadiliko hayo ya jina yametuponza. Usingizi ni jambo la kila siku: mtu analala, anaamka, ananawa uso, anaendelea na zake. Nusukaputi, neno lenye harufu ya Kijerumani, lilisema ukweli bila kuupaka poda: mtu huyu nusu yake imezimwa. Aliyepewa dawa hizi hajalala. Mate yakimpalia hawezi kukohoa, ulimi umelegea na unaweza kurudi nyuma ukaziba koo, na kwa baadhi ya dawa hata kifua hakipandi chenyewe, kinapandishwa na mashine au na mkono wa mtu. Wala dawa hizo haziagi dakika ile mgonjwa anapofumbua macho na kuuliza kama kazi imekwisha. Hoja yangu inasimama hapo. Katika upasuaji wa urembo tunamchunguza sana mwenye kisu, tunahesabu vyeti vyake na wafuasi wake mtandaoni, halafu tunamsahau anayekesha na mgonjwa. Ushahidi unaonyesha kwamba watu wengi wanafia kwenye zamu ya huyu wa pili.

Mwaka 2018 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti uliofuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Wagonjwa hao walikuwa na umri mdogo na hatari ndogo kuliko wa mabara mengine, lakini walikufa kwa kiwango cha mara mbili ya wastani wa dunia. Kulikuwa na vifo 239, na kati ya hivyo 225 vilitokea baada ya siku ya upasuaji. Yaani mgonjwa alitoka salama chumba cha upasuaji, akarudishwa wodini, ndugu wakashukuru Mungu, kisha akaanza kuzama pasipo mtu wa kumwona. Ni kweli kwamba wengi wao hawakwenda hospitali kutafuta kiuno chembamba. Walikuwa akina mama wa kujifungua, majeruhi, watu wa dharura. Lakini wodi ni zile zile na upungufu ni ule ule. Katika nchi hizo, jumla ya madaktari bingwa wa upasuaji, uzazi na usingizi ilikuwa chini ya mmoja kwa kila watu 100,000, wakati kamisheni ya Lancet ya mwaka 2015 ilipendekeza angalau 20. Ikiwa hospitali zenye wodi, zamu za wauguzi na chumba cha wagonjwa mahututi zinawapoteza watu usiku, kliniki ya ghorofani yenye vitanda viwili na mlinzi getini itafanyaje?

Kisa kinachoeleza jambo hili vizuri kuliko vyote kimetoka Marekani, penye vifaa na fedha. Donda West, profesa wa Kiingereza na mama wa mwanamuziki Kanye West, alifanyiwa upasuaji wa kupunguza matiti na kunyonya mafuta mjini Los Angeles mwezi Novemba 2007. Baada ya upasuaji alipelekwa nyumbani. Kesho yake alizimia, na hakuamka tena. Ofisi ya uchunguzi wa vifo ilitaja ugonjwa wa mishipa ya moyo pamoja na mambo yaliyofuata upasuaji. Haikukuta kosa la kisu wala la dawa ya usingizi. Kwa hiyo mezani kila kitu kilikwenda sawa, na bado mtu alikufa. Miaka miwili baadaye jimbo la California likapitisha sheria inayojulikana kwa jina lake, inayotaka mgonjwa wa urembo apimwe afya na kuidhinishwa kwa maandishi kabla ya kupasuliwa. Ni sheria njema, lakini inalinda mlango wa kuingilia. Yeye alikufa baada ya kutoka.

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo biashara hii inayachanganya: kutibu na kuuguza. Kutibu kuna bei, kuna mwanzo na mwisho. Kuuguza ni kukaa, kugusa paji la uso, kusikiliza pumzi. Kliniki inauza la kwanza na kulikabidhi la pili kwa dada wa mgonjwa au rafiki aliyekuja na Bajaji, bila kumwambia anatafuta nini. Dawa kali za maumivu hupunguza kasi ya kupumua, na mtu mnene anayekoroma ndiye aliye hatarini zaidi, kwa sababu koo lake tayari huziba anapolala. Ndugu wanasikia mkoromo wanafurahi: mwacheni apumzike, amechoka. Mkoromo ule, kwa mtu aliyepewa dawa hizo, unaweza kuwa sauti ya njia ya hewa inayofungwa. Damu nayo huganda kwenye mapaja na mashavu ya miguu, hasa kwa aliyekatwa tumbo na anayeogopa kusimama. Kipande kinaweza kung'oka siku kadhaa au hata wiki kadhaa baadaye na kwenda kuziba mapafu. Utumbo uliotobolewa na mrija wa kunyonya mafuta haupigi kelele siku ya kwanza. Huanza kama maumivu ambayo mtu huambiwa ni ya kawaida. Stella Obasanjo, mke wa aliyekuwa rais wa Nigeria, alikufa Oktoba 2005 huko Marbella, Hispania, siku mbili baada ya upasuaji wa aina hiyo, na mwaka 2009 mahakama ya Hispania ilimtia hatiani daktari wake. Kosa lilikuwa la mrija, sikatai. Lakini siku mbili ni muda mrefu kwa tumbo linaloharibika mbele ya watu.

Mwenye kliniki atanijibu kwamba kwake hakuna nusukaputi: ni ganzi tu, mteja anaongea na kucheka huku anapasuliwa. Jibu hili linapendwa sana, na ndilo linalonitia hofu zaidi. Katika unyonyaji mafuta wa ganzi, maji mengi yenye lignokeini na adrenalini humwagwa chini ya ngozi, na madaktari wamekuwa wakikubali hadi miligramu 35 kwa kila kilo ya uzito, mara tano ya kiwango cha ganzi ya kawaida yenye adrenalini. Inawezekana kwa sababu mafuta huiachia dawa polepole. Polepole hiyo ndiyo mtego, kwa maana kiwango cha dawa katika damu hufika kilele takriban saa 12 baadaye. Aliyechomwa saa nne asubuhi kilele kinamkuta saa nne usiku, kitandani kwake, taa zimezimwa. Midomo ikianza kufa ganzi, masikio yakivuma, ulimi ukiwa mzito, hizo ni dalili za dawa kuzidi, na baada yake huweza kuja mitukutiko na moyo kusimama. Mwaka 1999 wataalamu wa New York waliandika katika New England Journal of Medicine juu ya vifo vya watu watano waliofanyiwa unyonyaji wa mafuta kwa njia hiyo. Ganzi haiondoi haja ya kukesha. Inaisogeza tu hadi usiku, baada ya kliniki kufungwa.

Kuna upasuaji mmoja unaoipinga hoja yangu, na afadhali niuseme mwenyewe. Ni ule wa kuongeza makalio kwa mafuta ya mtu mwenyewe. Mafuta yakiingia kwenye mishipa mikubwa iliyo ndani ya msuli, hupanda hadi moyoni na mapafuni na kuua kwa dakika, na hakuna mkeshaji anayeweza kuyazuia. Ndiyo maana chama cha madaktari wa upasuaji wa urembo cha Uingereza kiliwashauri wanachama wake waache upasuaji huo mwaka 2018. Hapo hatari kubwa iko kwenye ncha ya mrija. Wanaotafuta shepu wajue kwamba upasuaji huu ndio unaouzwa kwa mbwembwe nyingi.

Pingamizi zito zaidi ni la watu wa afya wenyewe. Wataalamu wa usingizi ni wachache mno. Ukilazimisha kila kliniki ya urembo iwe na mmoja, utamwondoa kwenye upasuaji wa mama mjamzito huko wilayani umpeleke kusimamia tumbo la tajiri. Nakubali hofu hiyo, lakini naisoma kinyume. Kama wataalamu ni wachache, hiyo ni sababu ya kuwa na vituo vichache vya urembo, ndani ya hospitali ambamo mtaalamu, oksijeni na chumba cha wagonjwa mahututi viko tayari. Hospitali ya Taifa Muhimbili kupitia Mloganzila imekwisha kuonyesha kwamba upasuaji rekebishi unaweza kukaa ndani ya hospitali kubwa. Wala sisemi lazima awe daktari bingwa. Sehemu kubwa ya kazi ya usingizi katika nchi zetu hufanywa na maofisa tabibu na wauguzi waliosomea fani hiyo, na wengi wanaijua barabara. Ninachokataa ni mtu mmoja kushika kisu kwa mkono mmoja na bomba la sindano ya usingizi kwa mwingine, au mhudumu wa mapokezi kuitwa aje kushika kidevu cha mgonjwa.

Wengine watasema bei itapanda na akina dada watakimbilia vichochoroni. Itapanda, ndiyo. Lakini bei ya leo ni ndogo kwa sababu sehemu yake inalipwa na mwingine: mambo yakiharibika, mgonjwa anapakiwa kwenye gari na kupelekwa hospitali ya umma, mara nyingi bila karatasi ya kueleza alipewa nini na saa ngapi. Isitoshe, usalama mwingi haudai fedha nyingi. Orodha ya ukaguzi wa upasuaji ya Shirika la Afya Duniani ilijaribiwa katika hospitali nane duniani, mojawapo ikiwa Ifakara kwetu Tanzania, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Orodha yenyewe ni karatasi moja. Inauliza, pamoja na mengine, kama kipimo cha oksijeni kimevikwa kidoleni na kinafanya kazi. Kuhusu wale wanaosema wamejitakia wenyewe, acha wavune, sina la kuwajibu zaidi ya hili: mapafu hayajui mtu alikwenda kwa daktari kwa sababu gani. Tena aliyeingia akiwa mzima hana ugonjwa wa kusingiziwa akitoka maiti.

Wanaokwenda Uturuki au India wanabeba hatari nyingine, ya kiti cha ndege. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza inashauri kusubiri siku 5 hadi 7 baada ya kunyonywa mafuta, na 7 hadi 10 baada ya kukatwa tumbo, kabla ya kuruka. Kifurushi cha siku nne, hoteli ndani yake, hakilingani na hesabu hiyo hata ukikipindua.

Oktoba 2024 mwanamke mmoja jijini Nairobi alifariki siku chache baada ya kunyonywa mafuta kwenye kliniki binafsi, na Baraza la Madaktari la Kenya likaifunga kliniki hiyo. Kufunga baada ya msiba ni rahisi. Mabaraza yetu, la Kenya na la Tanganyika, yangeweza kuanza na leseni. Leseni ya upasuaji wa urembo iandike jina la anayetoa usingizi, ambaye kazi yake siku hiyo ni hiyo moja tu. Iandike kitanda cha kulala na muuguzi wa zamu, na kwa anayetolewa zaidi ya lita 5 za mafuta usiku wa uangalizi uwe lazima, kama madaktari wa fani hii Marekani wanavyoelekeza. Upasuaji mdogo wa kope kwa ganzi kidogo hauhitaji haya, na si haki kuubebesha. Iandike pia hospitali iliyokubali kwa maandishi kumpokea mgonjwa, na namba ya simu inayopokelewa. Ukaguzi nao usifanyike asubuhi, sakafu imepigwa deki na daktari amevaa koti jeupe. Mkaguzi atazame daftari la upasuaji, achague siku yenye mgonjwa, apige ile namba saa nane usiku, kisha agonge mlango.