Nyumba ya kudumu Bukura si lazima iteketeze miti

KUHAMA nyumba ya tope na kuingia ya matofali ni ndoto ya familia nyingi Bukura, Kaunti ya Kakamega. Hata hivyo, ndoto hiyo ina gharama isiyoonekana kwenye stakabadhi ya duka. Matofali ya kuchoma hula kuni, na haya yanatendeka katika kaunti yenye msitu wa mvua ambao ni masalio ya pekee nchini ya misitu ya Kongo.

Si haki kumlaumu mkulima. Mvua kubwa ya Kakamega humomonyoa kuta za tope, na sakafu ya vumbi hufuga funza. Nazo nyasi za kuezekea zinaadimika kadiri mashamba yanavyogawanywa. Lakini je, anayeikimbia tope hana budi kuangukia tanuri?

La hasha. Yapo matofali yanayoshindiliwa kwa mashine ya mkono. Hutengenezwa kwa udongo mwekundu uliochanganywa na saruji, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, kisha huachwa kivulini yakinyunyiziwa maji hadi yakomae. Hayachomwi. Isitoshe, hushikana yenyewe, hivyo fundi hutumia saruji kidogo mno kuyaunganisha.

Mpangilio wa nyumba nao haugharimu chochote. Bukura iko karibu na Ikweta, na jua la asubuhi na jioni hupiga kuta za mashariki na magharibi. Kuta ndefu zenye madirisha zikielekezwa kaskazini na kusini, upenu ukarefushwa na dari ikawekwa chini ya mabati, nyumba hubaki na ubaridi bila umeme. Mabati hayo hayo huvuna maji ya mvua.

Sheria si kisingizio tena. Viwango vya Kenya vya matofali haya vimekuwepo tangu miaka ya tisini, na kanuni za ujenzi za 1968 zimerithiwa na zile za 2024. Kinachokosekana ni mashine karibu na mwananchi, na fundi anayeweza kupima udongo kabla ya kuushindilia.

Mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara kugharimia nyumba za bei nafuu, ambazo nyingi ni maghorofa ya mijini. Mwanakijiji naye anahitaji makao. Vyuo vya kiufundi vya kaunti vifunze vijana kazi hii, na Chuo cha Kilimo cha Bukura, kinachowafunza wakulima kutunza udongo, kijenge nyumba moja ya mfano. Mkulima huamini anachokiona kimesimama baada ya masika.