Maoni: Kalamu isigeuzwe fimbo katika shule za Kongo

Kati ya adhabu zote zinazotolewa shuleni nchini Kongo, kuna moja ambayo wazazi wengi hawaoni ubaya wake: kuandika mistari. Mtoto amefanya makelele darasani, mwalimu anamwambia aandike mara 100 «Je ne bavarderai plus en classe». Kosa likiwa kubwa, mistari inakuwa 200, au anapewa kitenzi akiandike katika nyakati zote na nafsi zote. Kesho yake analeta kaye, mwalimu anahesabu kurasa, mambo yamekwisha. Toka Bunia hadi Lubumbashi, watu wazima wengi waliopita shuleni wanaijua adhabu hiyo.

Wanaoitetea wana sababu. Afadhali biki kuliko fimbo, wanasema. Sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamkinga mtoto na ukatili, na mwalimu mwenye watoto 80 mbele yake anahitaji njia fulani ya kupata utulivu. Wengine wanaongeza kwamba kurudia-rudia kunauzoeza mkono na kumfundisha mtoto kuandika Kifaransa bila makosa. Samaki mkunje angali mbichi.

Lakini inafaa kuangalia namna mtoto anavyoifanya kazi yenyewe. Haandiki sentensi moja hadi mwisho. Anaandika «Je» toka juu ya ukurasa hadi chini, kisha «ne» toka juu hadi chini, kisha neno linalofuata. Mwenye ujanja zaidi anafunga biki mbili pamoja ili mkono mmoja utoe mistari miwili. Mwingine anampa mdogo wake mandazi amsaidie. Ikifika mstari wa 20, sentensi imekwisha kufa. Yamebaki maneno yaliyopangwa kama matofali. Mtoto amejifunza kwamba mtu anaweza kujaza kurasa nne bila kuwaza, na kwamba hakuna atakayezisoma.

Kunakili kwenyewe si kubaya. Anayenakili ili ajue anaangalia mfano, anajilinganisha nao, anasahihishwa. Anayenakili kwa sababu ya adhabu anatafuta kumaliza tu.

Jambo la pili ni lugha. Katika shule nyingi, kosa lenyewe lilikuwa kusema Kiswahili, Mashi au Kinande ndani ya uwanja wa shule, na adhabu ikawa kuandika kwa Kifaransa kwamba hatarudia tena. Hata hivyo Katiba ya mwaka 2006 inakitaja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, na sheria ya elimu ya mwaka 2014 inakubali lugha za taifa na lugha za wenyeji zitumiwe katika kufundisha. Mtoto anaadhibiwa kwa lugha ambayo sheria inaiheshimu.

Toka kaye hadi ofisini

Matokeo yanaonekana miaka 20 baadaye. Katika miji ya mashariki kuna vibanda vya «secrétariat public», vyenye kompyuta na mashine ya fotokopi. Watu wenye diplome wanaingia pale kuomba waandikiwe barua ya kuomba kazi. Mwenye kibanda anafungua barua ya jana, anabadilisha jina na tarehe, anachapisha. Barua inaanza na «J'ai l'honneur», inamalizika kwa heshima ndefu, na katikati hakuna kinachoonyesha mwombaji ni nani na anajua kufanya nini. Ni mistari 100 ile ile, ila sasa inalipiwa.

Ofisini pia maandishi yanaendelea kufuatana na kosa. Mfanyakazi akichelewa, mkubwa wake anamtumia «demande d'explication», naye anatakiwa kujibu kwa maandishi. Polisi wakimshika mtu, wanaandika PV. Kwa raia wa kawaida, karatasi ikija ina shida ndani yake. Ndiyo maana mkulima wa Kalehe au Masisi anayenyang'anywa shamba anaweza kuzunguka miezi mingi kwa wakubwa akieleza mambo kwa mdomo, huku mpinzani wake amekwisha kuweka karatasi mezani. Siku ya kesi, mwenye karatasi anatangulia. Kuogopa kuandika kunaweza kumpotezea mtu shamba la babu yake.

Wala haiwezi kusemwa kwamba watu hawa hawana akili ya kuandika. Hao hao, kwenye WhatsApp, wanaeleza kwa Kiswahili kilichochanganyika na Kifaransa namna barabara ilivyokatika, namna bei ya unga ilivyopanda sokoni, nani amegombana na nani. Wanapanga habari, wanachekesha, wanashawishi. Anayefanya hivyo anajua kuandika. Kinachomshinda ni karatasi nyeupe, kwa sababu alifundishwa kuiogopa.

Adhabu ya mistari siyo sababu pekee. Tangu elimu ya msingi ya bure ilipoanza kutekelezwa Septemba 2019, madarasa mengi yamejaa kupita kiasi. Vitabu ni vichache, mishahara ya waalimu inachelewa, na vita vimefunga shule nyingi Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Ituri. Hata mtihani wa Serikali, Examen d'État, kwa sehemu kubwa unajibiwa kwa kuchagua jibu kati ya majibu yaliyoandikwa tayari. Ni katika «dissertation» ndipo mwanafunzi anaombwa kupanga mawazo yake mwenyewe, tena kwa Kifaransa, baada ya miaka 12 ya shule. Benki ya Dunia inakadiria kwamba watoto 97 kati ya 100 wenye umri wa miaka 10 nchini Kongo hawawezi kusoma na kuelewa andiko fupi na rahisi.

Vitabu vina bei. Madarasa yana bei. Amani nayo ina bei yake. Lakini kuacha kuifanya kalamu kuwa adhabu hakuhitaji hata franka moja.

Nini kifanyike

Mtoto aliyevuruga darasa aombe msamaha mbele ya wenzake, au abaki nyuma kufagia, au apoteze dakika zake za mchezo. Kalamu iachwe nje ya mambo hayo. Hata kumwambia aeleze kosa lake kwa maandishi hakufai: hiyo ni «demande d'explication» ya mtoto.

Nafasi iliyoachwa ijazwe na kitu kingine. Mara moja kwa wiki, kila mtoto aandike sentensi tano zake mwenyewe: alichokiona akienda kuchota maji, chakula kinachopikwa kwao siku ya sikukuu, namna ya kutengeneza mpira wa makaratasi. Katika madarasa ya chini aandike kwa Kiswahili au kwa lugha ya kwao. Kifaransa kitajengwa juu ya msingi huo. Mwalimu mwenye watoto 80 hawezi kusahihisha yote, lakini anaweza kuwaita watano kila siku wasome kwa sauti walichoandika. Ndani ya siku 16 za masomo, kila mmoja atakuwa amesikilizwa na darasa zima.

Wazazi nao wana kazi. Mtoto akirudi na mistari 100, wengi wanamkaripia tu na kwenda kulala. Afadhali jambo hilo lipelekwe kwa heshima kwenye kamati ya wazazi, COPA, lizungumzwe pamoja na direkta na waalimu.

Mwalimu anayetoa mistari hana nia mbaya. Mara nyingi naye aliiandika akiwa mtoto, na ndivyo adhabu hii inavyopita toka kizazi hadi kizazi bila mtu kuuliza faida yake. Direkta wa shule anaweza kuikomesha shuleni kwake mwanzoni mwa mwaka wa masomo, katika mkutano mmoja na waalimu wake, bila kungoja amri yoyote toka juu.