Vitufe vya Tovuti Vinapogoma



Siku hizi mama akienda kuulizia nafasi ya shule kwa mwanawe, huambiwa, "Ingia kwenye tovuti yetu, kila kitu kipo." Anaingia. Jina la shule analiona, na picha ya majengo anaiona. Lakini pale palipopaswa kuwa na vitufe vya "Ada", "Fomu" na "Mawasiliano" pana nafasi tupu. Anabonyeza, kimya. Anabonyeza tena, kimya. Mwisho hujilaumu kwamba yeye na kompyuta hawapatani, au humwita fundi amtoze fedha kwa kazi isiyohitajika.

Mama, usijilaumu. Ikiwa tovuti ni ya zamani, yawezekana vitufe hivyo vilitengenezwa kwa apleti za Java, na apleti hizo haziendeshwi tena na vivinjari vya kawaida, yaani programu za kusomea tovuti kama Chrome na Firefox. Mwezi huu tutazame jambo hili, maana asiyelijua aweza kupoteza fedha, na pengine kuingiza mwizi ndani ya kompyuta ya nyumbani.

APLETI NI NINI?

Java ni lugha ya kuandikia programu iliyotolewa na kampuni ya Sun Microsystems ya Marekani mwaka 1995. Apleti ilikuwa programu ndogo ya Java iliyokuja pamoja na ukurasa na kufanya kazi ndani ya kivinjari. Wakati ule kurasa nyingi zilikuwa kama karatasi zilizobandikwa ukutani. Apleti ikazipa uhai. Kitufe kiliweza kubadilika rangi mshale wa kipanya ulipokipitia, na menyu ikajifungua yenyewe.

Wengi walizipata bila kujua. Programu ya Microsoft FrontPage 98 iliwawezesha watu wasio mafundi kutengeneza tovuti, nayo ilikuwa na vitufe vya kubadilika rangi vilivyoendeshwa na apleti iitwayo fphover.class. Aliyeitumia alichagua rangi na maneno tu, na programu ikamalizia. Toleo la FrontPage la 2003 lilileta vitufe vya namna nyingine, visivyotegemea Java, lakini kurasa zilizokwisha kutengenezwa zilibaki jinsi zilivyokuwa.

Msichanganye Java na JavaScript. Majina yanafanana, lakini ni vitu viwili tofauti. JavaScript ingali hai na inatumika katika tovuti nyingi mno. Kama menyu ya tovuti mpya haifunguki, huenda mtandao ulikatika kabla ukurasa haujamaliza kufika. Ufungue upya, au jaribu kivinjari kingine.

KWA NINI ZILIKUFA?

Ili apleti ifanye kazi, kivinjari kilihitaji kiambatisho cha Java, na wahalifu wakagundua matundu ndani yake. Januari 2013 Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani iliwashauri watu kuizima Java katika vivinjari vyao. Januari 2014 kampuni ya Oracle, iliyoinunua Sun mwaka 2010, ilikaza masharti hata apleti nyingi za zamani, ambazo hazikuwa na sahihi ya usalama, zikazuiwa.

Baada ya hapo milango ikafungwa mmoja mmoja. Chrome iliviondoa viambatisho vya namna hiyo Septemba 2015. Firefox ikafuata Machi 2017. Septemba 2018 Java yenyewe, katika toleo la 11, ikakiondoa kiambatisho hicho. Simu ya iPhone, tangu ilipotoka mwaka 2007, haikuwahi kuendesha apleti hata siku moja.

UKIKUTANA NA NAFASI TUPU

Kwanza, usipakue kitu. Dirisha likiruka mbele yako na kusema, "Weka Java hapa ili uone ukurasa huu," lifunge. Hata ukiweka Java ya kweli, Chrome haitaitumia kwa apleti. Na ukiweka ya bandia, umemkaribisha mwizi kwenye kompyuta yenye picha za watoto na nywila zako za benki. Haraka haraka haina baraka. Waonye na watoto pia, kwa kuwa wao hubonyeza kabla ya kusoma.

Pili, shuka hadi chini kabisa ya ukurasa. Watengenezaji wengi waangalifu waliweka pale maneno ya kawaida yanayofanya kazi ile ile ya vitufe.

Tatu, tumia Google. Andika site: ukifuatisha anwani ya tovuti bila kuacha nafasi, kisha acha nafasi uandike neno unalotafuta, kama "fomu". Utaletewa kurasa za tovuti hiyo tu, nawe utaingia bila kupitia menyu.

Nne, kama unatumia kompyuta, chungulia ndani ya ukurasa. Bonyeza Ctrl na U pamoja, nayo maandishi ya ndani yatafunguka. Yasikutishe. Bonyeza Ctrl na F, utafute neno applet. Chini yake utaona maneno ya kitufe, na karibu na neno url utaona jina la ukurasa kinakoelekea, kwa mfano ada.htm. Liandike jina hilo mwishoni mwa anwani ya tovuti, baada ya alama ya mkwaju, na mara nyingi mlango utafunguka. Kila mlango na ufunguo wake. Huu ulikuwa umefichwa tu.

Ukishindwa yote, piga simu. Na ukimpata mhusika, mweleze kwa upole kwamba vitufe vyao havionekani. Huenda hajui.

KAMA TOVUTI NI YENU

Hapa nasema na akina mama walio katika kamati za shule, vikundi vya akiba na biashara ndogo. Tovuti iliyofungwa hivi haipigi kelele. Mteja huja, haoni njia, akaondoka, nanyi mkadhani biashara imekuwa ngumu. Ifungueni leo kwa simu ya jirani, muone anachokiona mgeni.

Zamani kitufe cha apleti kilipogoma, fundi aliangalia mambo matatu: je, faili ya apleti ilipakiwa kwenye seva pamoja na ukurasa? Je, imewekwa katika folda iliyotajwa? Na je, herufi kubwa na ndogo za jina lake zinalingana? Seva nyingi huhesabu Menyu.class na menyu.class kuwa vitu viwili. Leo hata yote matatu yakiwa sawasawa, mgeni haoni kitu. Kwa hiyo fundi akiwaambia atazifufua apleti hizo, msimlipe. Mwagizeni aziondoe.

Kazi yenyewe si kubwa:

1. Hifadhini nakala ya tovuti nzima kabla ya kugusa chochote.

2. Tafuteni neno applet katika kila ukurasa, kama tulivyoeleza hapo juu, na mwandike orodha ya vitufe vyote na kila kimoja kinakoelekea.

3. Ondoeni kila apleti, na mahali pake mweke kiungo cha kawaida, kwa namna hii: <a href="ada.htm">Ada</a>. Kiungo cha namna hii kinafunguka katika simu na kompyuta zote.

4. Mkipenda rangi, fundi atumie CSS, ambayo ni maelekezo ya sura ya ukurasa. Kwa mistari michache kiungo kitaonekana kama kitufe na kitabadilika rangi kikipitiwa na kipanya, bila Java.

5. Jaribuni kila kiungo, kwa kompyuta na kwa simu. Kisha mjaribu kwa kibodi peke yake, kwa kubonyeza Tab na Enter, kwa sababu wako wasioweza kutumia kipanya.

Faida haziishii hapo. Google hufuata viungo vya kawaida kwa urahisi, na programu zinazowasomea wasioona huvitamka kwa sauti. Ukurasa nao huwa mwepesi kwa mama anayehesabu bando lake.

Dada zangu, tovuti ni kama nyumba ya kupokea wageni. Mwenye nyumba haulizi mlango ulipendeza kiasi gani ulipotengenezwa. Huuliza kama unafunguka leo. Kabla ya mkutano ujao wa kamati yenu, chukueni dakika kumi mbonyeze vitufe vyote, kimoja kimoja, na mwandike visivyoitika.

Hadi mwezi ujao, nawatakia amani nyumbani.