Anayeacha Pombe Asifungiwe Chumbani

Ndugu zangu, kijana aliyezama katika mnazi kwa miaka anapotubu, nyumba nzima hufurahi. Wengine, kwa kuchelea asije akarudi maskani, humfungia chumbani mpaka ulevi umtoke. Nia ni njema, lakini kitendo hicho huweza kumwua.

Ubongo uliozoea kutulizwa na kileo kila siku hujizoeza kushindana nacho. Kileo kikikatika ghafla, hubaki umechachamaa bila wa kuutuliza. Zikipita saa 6 hadi 12 tangu tone la mwisho, mikono hutetemeka, jasho humtoka na moyo humwenda mbio. Ndani ya saa 48 huweza kushikwa na mtukutiko kama wa kifafa. Siku ya 2 hadi ya 4 huweza kupandwa na homa, akachanganyikiwa na kuona watu wasiokuwepo. Hapo ndipo jamaa husema ana jini, akatafutiwa kombe ilhali uhai unaponyoka.

Dalili hizo zikizidi, apelekwe hospitali mara moja. Daktari humpa dawa za kutuliza ubongo, kisha huzipunguza siku hadi siku, pamoja na vitamini B1. Na aliyewahi kutukutika au kuweweseka alipojaribu kuacha, aanzie huko huko hospitali. Dua isikome, haigombani na dawa.

Toba haicheleweshwi, na kuhifadhi nafsi ni miongoni mwa makusudio makuu ya sheria. Basi ndugu yenu ashikwe mkono, asifungiwe mlango.