Msiinyamazishe Kompaila

Juma hili tumepata habari kutoka ghala moja la Temeke, nasi twaona yafaa wafanyakazi wote waisikie, hata wale ambao hawajapata kugusa kompyuta. Ghala hilo lilihesabu mali yake kwa programu iliyoandikwa kwa lugha ya C katika miaka ya 1990. Mashine ya zamani ilipokufa, aliitwa kijana fundi aihamishie programu hiyo katika mashine mpya. Ikabidi msimbo wake upitishwe tena katika kompaila, yaani ile programu ifasiriyo maandishi ya fundi yawe amri za mashine. Kompaila ikagoma. Ikatoa makosa ukurasa baada ya ukurasa.

Mwenye ghala akahamaki, akasema programu imefanya kazi miaka yote, mbovu ni kompaila. Kijana, kwa kutaka amani, akaiamuru ifuate kanuni za mwaka 1989. Kelele zikakoma. Ilipofika siku ya kufunga hesabu, programu ikakatika katikati ya kuandika. Mifuko ya saruji iliyoingia haikuonekana daftarini, na wa kwanza kutazamwa kwa jicho la wizi akawa karani.

Hebu tulitazame kosa lenyewe. Katika C ya kale, kifungu kimoja cha programu kiliweza kuita kingine ambacho hakijatangazwa, na kompaila ikakisia kuwa jibu lake ni namba nzima. Katika mashine za biti 32 kisio hilo halikudhuru, maana namba nzima na anwani ya kumbukumbu zilikuwa na upana mmoja. Katika mashine za leo anwani ni biti 64, na namba nzima imebaki biti 32. Anwani ikirudishwa kwa njia hiyo, nusu yake hukatwa. Ni kama kumtuma mtu Mbagala kwa namba ya nyumba iliyochanika katikati.

Kanuni za C ziliufuta mtindo huo tangu 1999, lakini makompaila yaliendelea kuonya tu kwa upole. GCC, kompaila huria itumiwayo duniani kote, ilianza kuuhesabu kuwa kosa katika toleo la 14, mwaka 2024. Kwa maoni yetu ilichelewa.

Hatusemi programu za zamani zitupwe. Ghala hili lina bahati kwamba msimbo upo. Ofisi ngapi zimebakiwa na programu iliyokwisha kufasiriwa tu, na aliyeiandika keshaondoka na maandishi yake? Hizo hazina hata makosa ya kusoma. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Ni muda wa kutosha sisi kujifunza kudai msimbo katika kila mkataba.

Kijana sasa anavitangaza vifungu kimoja kimoja, kwa kanuni mpya, na mwenye ghala analalamikia siku anazolipia. Na azilipe. Lakini kwanza amwite karani, amwombe radhi mbele ya wenzake.